Subaru, BMW au Mazda? Gari la mtumba la kukimbiza uwanjani kwa pauni 4,000

"Salaam aleikum, fundi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, huu ni mwaka wangu wa tisa Leicester. Nataka kuanza kwenda zile siku ambazo viwanja vya mbio vya hapa Uingereza hufunguliwa kwa watu wa kawaida na magari yao. Nimeweka akiba ya pauni 4,000. Nimeona Subaru Impreza WRX ya 2003, mwenyewe anataka 3,900. Rafiki yangu anasema afadhali BMW 330i kwa kuwa ina nguvu farasi 231, na kwamba Mazda MX-5 ni kigari cha kina dada. Gari la familia tunalo, hili litakuwa la uwanjani na la kwendea kazini siku mojamoja. Naogopa kununua kitu kikafa injini siku ya kwanza. Na nikishachoka nalo, naweza kumpelekea mdogo wangu nyumbani?"

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Hofu yako ya injini ni ya haki, lakini imeangalia upande mmoja tu. Wengi wanaoanza hawashindwi kwa sababu injini imekufa. Hushindwa kwa sababu gari limemeza pesa zote siku ya kulinunua, kisha breki na tairi zikaisha baada ya kwenda uwanjani mara mbili, na gari likakaa nje ya nyumba likisubiri mshahara. Ukitoa 3,900 kwa hiyo Subaru utabaki na pauni 100, na pauni 100 hazitoshi hata kuifanyia servisi ya maana. Kwa hiyo swali tulijibu hivi: ni gari gani litavumilia vipindi vitano au sita vya dakika ishirini kwa siku moja, likurudishe nyumbani, na likuachie pesa za kurudi tena?

Siku hizi za uwanjani si mashindano. Hakuna anayepima muda wako, na kumpita mtu ni mpaka akuruhusu, tena kwa upande uliotajwa asubuhi kwenye maelezo. Nguvu ya injini utaitumia kwenye sehemu zilizonyooka, ambazo kwa viwanja vingi vya hapa ni fupi. Kwingine kote, siku nzima, kinachofanya kazi ni breki, tairi na uzito.

Tuanze na uzito, kwa sababu ndio unaoamua gharama. Gari la kilo 1,400 likishuka kutoka maili 100 kwa saa hadi 50, breki zake zinapokea joto la kutosha kuchemsha kama lita tatu za maji ya bomba. Gari la kilo 1,060 likifanya hivyo hivyo, joto lake litachemsha lita mbili na theluthi moja hivi. Huo ni mkanyago mmoja wa breki. Uwanja una kona tatu au nne za namna hiyo kila mzunguko, na kipindi kimoja kina mizunguko minane au kumi. Joto likizidi kasi ya diski kupoa, hujikusanya, likahamia kwenye padi zinazoibana diski, kutoka kwenye padi likaingia pistoni ya kalipa, yaani kile kifaa kinachozisukuma padi, na mwisho likafika kwenye mafuta ya breki.

Hapo ndipo watu wanapotishika. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 4, daraja la mafuta ya breki linalotumika sana, ikiwa mpya kabisa haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinachokubalika hushuka hadi 155. Ikichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyezeka, mafuta hayabonyezeki. Unakanyaga, pedali inazama hadi chini, gari halisimami. Hitilafu hii usiichanganye na ile ya padi kuzidiwa: padi zikipata joto kupita uwezo wake, pedali hubaki ngumu kama kawaida lakini gari linateleza tu mbele. Pedali ikiwa laini, tatizo ni mafuta. Pedali ikiwa ngumu bila breki, tatizo ni padi. Watu wengi hununua kalipa kubwa za bei mbaya wakati walichohitaji ni lita moja ya mafuta mapya na padi nzuri za mbele.

Tairi nazo hufuata uzito. Gari zito linalosukumwa kwenye kona hulalia ukingo wa nje wa tairi za mbele na kuulamba haraka, na tairi za inchi 17 ni ghali kuliko za 15. Hesabu hiyo rafiki yako hajakufanyia.

Sasa Subaru. Najua kwa nini moyo wako uko huko. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumeiona Impreza kwenye Safari Rally, na mlio wake unatambulika hata kabla gari halijatokea. Ni gari zuri la barabara yenye mvua na vumbi. Uwanja wa lami una adhabu nyingine. Injini yake ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Kwenye kona ndefu oili hutupwa upande wa nje, ikajaa kwenye hedi ya upande huo na ikachelewa kurudi chini kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Mdomo unaofyonza oili ukivuta hewa kwa sekunde mbili tu, beringi za konrodi zinasagana kavu. Hazifi siku hiyo. Unasikia kugonga wiki mbili baadaye ukiwa barabara ya kazini, na gharama ya kuifungua injini hiyo itapita bei ya gari. Gari la umri wa zaidi ya miaka ishirini, lenye tabo, lililopita mikono mitano au sita, na uwezekano mkubwa mmoja wao aliliongeza nguvu kwa kompyuta bila kugusa kingine, kwa bajeti yako sikushauri. Ukiwa na pauni 9,000 tutazungumza upya.

Utaambiwa pia kuwa Subaru ni salama zaidi kwa sababu injini yake husukuma magurudumu yote manne: hilo husaidia kuondoka kwenye kona, halisaidii kusimama wala kuingia. Breki ni zile zile, tairi ni zile zile, uzito ndio umeongezeka.

BMW 330i ya umbo la E46 (jina la kiwandani la toleo hilo) ni injini tamu, na rafiki yako hajakosea kuhusu nguvu zake. Lakini ina magonjwa mawili ambayo uwanja huyachochea. Sakafu ya nyuma, pale fremu ya ekseli inapofungwa, bati lake ni jembamba na hupasuka polepole kwa kuvutwa huku na huku kila unapokanyaga na kuachia mafuta. Kuitengeneza ni kushusha ekseli nzima na kuchomelea vibao vya chuma, kazi ya siku kadhaa kwa fundi anayeijua. La pili ni mfumo wa kupooza: tangi dogo la maji na viungo vya rejeta ni plastiki inayokauka na kupasuka ghafla, pampu na thamostati nazo ni za kubadilisha kabla ya safari ya kwanza. Ukiipata ambayo hayo mawili yameshafanywa na risiti zipo, ni gari la heshima, ila kumbuka lina kilo 1,450 hivi na litakula padi na tairi kwa kiasi hicho.

MX-5 basi. Kama ni kigari cha kina dada, basi kina dada wanajua kununua. Gari hili lina mashindano yake maalumu Marekani na hapa Uingereza, na sababu ni moja: ni jepesi, vipuri vyake vipo kila mahali, na injini yake huvumilia. Kwa pesa yako lenga toleo la pili, lililouzwa kati ya 1998 na 2005, lenye injini ya 1.8. Nguvu farasi ni kama 140 tu, na kwa mwaka wako wa kwanza zinatosha kabisa; utajifunza kona badala ya kujifunza kukimbia moja kwa moja. Tairi zake za inchi 15 au 16 ni za bei ya kawaida. Kama una urefu wa zaidi ya futi sita, kalijaribu ukiwa na helmeti kichwani kabla hujalipenda, maana kichwa huweza kupita ukingo wa kioo cha mbele, na hapo itabidi utazame toleo la 2005 hadi 2015 ambalo ni pana kidogo na zito kidogo. Kwa gari la paa la turubai, nunua pia chuma cha kulinda kichwa gari likipinduka, na ukifunge kabla ya siku ya kwanza. Waandaaji wengine hukidai, wengine hawakidai. Wewe kidai mwenyewe.

Adui wa MX-5 ni kutu, na ni kutu ya kujificha. Turubai lina mifereji miwili ya maji inayoshuka nyuma ya viti. Majani yakiiziba, maji hayatoki nje, huingia ndani ya zile kingo za chini ya milango na kuzila kutoka ndani. Ukiona rangi imevimba mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, tayari ndani hakuna bati. Pitisha sumaku ndogo hapo: isiposhika, umeshika lipu, si chuma. Zaidi ya hapo, kwa toleo hili la pili, zipo nguzo mbili za chesisi zinazotoka mbele na kupita chini ya injini. Hizo huoza kwenye maungio, na ndizo zinazobeba mfumo wa usukani na springi. Kingo za milango zinachomeleka kwa gharama ya kuvumilika. Nguzo za mbele zikioza, liache gari hapo hapo. Usiangalie ukiwa umesimama. Lazima gari liinuliwe. Rangi nyeusi ya kuzuia kutu iliyopakwa juzi juzi, inayong'aa kama mpya, iulizwe inaficha nini.

Yapo mengine ya kupima. Ford Fiesta ST ya 2005 hadi 2008, lita 2.0 bila tabo, nguvu farasi 150, ni rahisi kulipata na halina makuu. Renault Clio 182 ni kali zaidi na nyepesi, ila mkanda wake wa taimingi una ratiba ya miaka mitano, na mkanda mdogo wa nje ukikatika unaweza kuingia kwenye ule mkubwa na kuua injini. Bila risiti ya mkanda, hesabu kazi hiyo kama sehemu ya bei. Toyota MR2 ya 1999 hadi 2007 ni nyepesi kuliko yote, lakini vichujio vyake vya kwanza vya ekzosi humomonyoka na chembe zake zikavutwa ndani ya injini, kisha gari likaanza kunywa oili. Kwangu mimi, Fiesta ndiyo mbadala wa Mazda kama unataka paa la chuma na bima nafuu.

Utakutana na magari "yaliyoandaliwa tayari": viti vimeng'olewa, springi fupi, mabomba ya chuma ndani. Mengine ni bahati, kwa sababu mwenyewe ametia pauni 3,000 za vifaa na anaomba 2,800. Lakini wewe unataka kulipeleka kazini pia. Mabomba hayo, tofauti na kile chuma kimoja cha nyuma ya viti vya MX-5, hupita karibu na kichwa, na kwa kichwa kisicho na helmeti ni hatari kwenye ajali ndogo tu ya barabarani, na kila badiliko lazima uliambie shirika la bima. Liache hilo kwa gari la pili.

Kabla ya kusafiri kwenda kutazama gari lolote, chukua namba yake ya usajili na usome historia yake ya MOT, ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, kwenye tovuti ya serikali. Ni bure, na inaonyesha kila lilipofeli na kila onyo. Tafuta neno la kutu likirudia mwaka hadi mwaka bila kutajwa kutengenezwa, na angalia kama maili zinapanda kwa mpangilio. Kisha lipia ukaguzi wa historia ujue kama linadaiwa mkopo au liliwahi kufutwa na bima. Tangu 2017 gari lililofutwa lakini linalotengenezeka hupewa alama: S maana yake mifupa ya gari iliumia, N maana yake haikuumia. N iliyotengenezwa vizuri inaweza kukupunguzia bei. S iache.

Ukifika, mwambie mwenye gari asiliwashe kabla yako. Gusa boneti: kama ina joto, amelitayarisha. Chomoa kijiti cha oili injini ikiwa bado imezimwa. Oili chini ya alama ya chini inakwambia maisha ambayo gari limepewa. Kwenye MX-5 tazama plastiki ya juu ya rejeta. Ikiwa nyeusi, sawa. Ikishageuka kahawia, iko karibu kupasuka. Liwashe, lisikilize likiwa baridi, kisha liendeshe hadi lipate joto kamili. Jaribu gia ya pili na ya tatu kwa haraka, kupanda na kushuka. Kukwaruza maana yake giaboksi limechoka. Simama kwa nguvu mahali salama: usukani ukitetemeka diski zimepinda au bushi zimekwisha, gari likivuta upande kuna kalipa iliyoganda. Soma tairi ubavuni: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi ya umri huo inaweza kuwa na meno mazuri na mpira mkavu kama ukuni.

Pesa zako ningezigawa hivi: gari lisizidi 2,500. Kama 700 za kuliandaa, 400 za siku ya kwanza kwa kiingilio, petroli na bima, na 400 zilizobaki usiziguse, kwa sababu kitu kitaharibika. Katika zile 700, anza na oili na chujio, kisha mafuta ya breki yenye kiwango kikubwa cha kuchemka. Lita moja inatosha kusukuma yote ya zamani. Toa hewa kwenye breki kuanzia gurudumu lililo mbali na silinda kuu ya breki, yaani la nyuma kushoto kwa magari yetu ya usukani kulia. Usinunue DOT 5; hiyo ni silikoni na haichanganyiki na hizi. Padi za mbele za daraja la uwanjani na barabarani zitosheleze, Ferodo DS2500 ni mfano unaojulikana. Zizoeshe kwanza: punguza mwendo kutoka maili 60 hadi 20 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika kumi bila kuzigusa. Springi, shokomzoba za kurekebisha na ekzosi ya makelele visubiri mwaka wa pili.

Ekzosi hasa, kwa sababu viwanja hapa hupima kelele gari likiwa limesimama, na kikomo mara nyingi ni kati ya desibeli 98 na 105. Donington, ambayo iko jirani nawe, ni kali kwa hilo. Ukizidi, unarudishwa nyumbani na kiingilio hakirudi. Kwa siku ya kwanza ningekupeleka kwenye uwanja uliokuwa wa ndege, kama Bedford Autodrome au Blyton Park. Ukikosea kona huko unaishia kwenye nyasi au lami tupu, si kwenye ukuta. Bima yako ya barabarani karibu hakika haifuniki uwanja, na huduma yako ya kuvutwa gari huenda nayo ikakataa kuja, kwa hiyo uliza yote mawili kwa maandishi.

Siku yenyewe, jaza oili hadi alama ya juu na uikague kila baada ya kipindi. Pima upepo wa tairi mara tu unapotoka, zikiwa moto. Utakuta umepanda psi nne au zaidi. Punguza hadi ufikie kiasi ulichokusudia, ukumbuke kujaza tena kabla ya kurudi nyumbani. Kaza nati za magurudumu asubuhi na mchana kwa kipimo cha kitabu cha gari. Mzunguko wa mwisho wa kila kipindi uende polepole bila breki, na ukiegesha usivute breki ya mkono: padi za moto zilizobana diski ya moto huacha alama inayotetemesha gari unapofunga breki. Weka gia ya kwanza na jiwe chini ya gurudumu.

Kuhusu mdogo wako, hapana. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na yote tuliyoyataja yameshapita. Liuze huku huku, MX-5 haikosi mnunuzi.

Vitu vitatu usivifanye peke yako. Nguzo za chesisi azitazame fundi mwenye lifti kabla hujatoa amana. Ada yake ni ndogo kuliko kuchomelea. Kama hujawahi kutoa hewa kwenye breki, mpelekee fundi akufanyie au asimame nawe ukifanya. Na uwanjani kodisha mwalimu kwa kipindi cha kwanza kabisa, si cha mwisho, kabla mikono haijazoea makosa. Pedali ya breki ikizama au ikiwa laini saa yoyote, toka uwanjani kwa gia, lipoze gari, na usirudi mpaka mafuta yamebadilishwa, hata kama umebakiza kipindi kimoja ulichokilipia.